Kidole Gumba cha Casimir

Casimir alifika mtaa wa Kikula, kwenye karakana ya baiskeli ya Marlène, akiisukuma baiskeli yake, na Marlène aliliona hilo kabla hajamtazama usoni. Mtu hanunui baiskeli ya bei ya kiwanja halafu akaisukuma njia nzima kutoka Shituru kwa kupenda kutembea.

"Mama Shekina, jambo."

"Jambo, Papa Casimir." Hakumpa kiti.

Casimir alieleza akiwa amesimama. Jumapili alikuwa na mashindano ya baiskeli ya wakongwe, na juzi gurudumu lake la mbele lilitumbukia kwenye shimo lililochimbwa na malori ya madini. Ringi ilikuwa na mkwaruzo mmoja tu, mfupi kama njiti ya kiberiti. Ringi ya chuma ikigongwa inapinda, kila mtu anaona. Ya kaboni haisemi kitu. Inakaa na urembo wake mpaka siku inapopasuka.

"Wanasema weye njo unasikiaka carbone," alisema. "Hapa Likasi hakuna mwingine."

"Na unajua nani alinifundisha?"

Hakujua. Marlène akamwonyesha kwa kidevu. Ukutani, chini ya diploma yake ya mekanika, kilining'inia kipande cha ringi nyeusi, ncha zake zimechanika kama muwa uliotafunwa. Casimir alikitazama mara moja, kisha akaangalia barabarani.

Kilikuwa cha Shekina, binti yake. Miaka miwili iliyopita, asubuhi ya mashindano, Shekina alimpelekea Casimir gurudumu lililokuwa limeanguka kutoka juu ya gari, kwa kuwa Casimir ndiye fundi mkuu wa klabu ya baiskeli na ndiye anayeshika muhuri. Bila muhuri wake hakuna anayeanza. Casimir alizungusha kidole gumba juu ya ringi, mzunguko mmoja, kama mtu anayefuta vumbi. "Iko bien. Panda." Akapiga muhuri. Kwenye mteremko wa Shituru ringi ikafumuka, na kiwiko cha Shekina hakijanyooka mpaka leo. Siku tatu baadaye Casimir aliandika ripoti: mwendesha baiskeli alishika breki vibaya kwa woga. Akapiga muhuri tena. Shekina akafutwa kwenye orodha ya timu ya mkoa, na mjini akabaki msichana mwoga wa breki. Hospitali Casimir hakufika, hata na chungwa moja.

Marlène aliokota vile vipande barabarani. Wakati ule alijua chuma tu. Akavigonga kwa sarafu ya zamani ya Zaïre, wiki baada ya wiki, mpaka akajua kaboni nzima inalia vipi na iliyokufa inanyamaza vipi.

Sasa akalifungua gurudumu la Casimir. Akaliosha kwa sabuni, akalikausha, akapitisha pamba taratibu pande zote mbili. Pamba haikunasa popote; kwa juu hapakuwa na ufa. Akachukua sarafu. Ti, ti, ti, ringi ilijibu vizuri, kali. Sarafu ilipopita tundu la valvu na kufika spoki ya tano, ringi ikanyamaza. Tu, tu. Kama kugonga mfuko wa unga. Alirudia kwa mkono uleule, nguvu ileile. Upana wa vidole vinne haukulia. Ndani tabaka zilikuwa zimeachana.

Casimir alikuwa akimtazama usoni, si mkononi. Masikio yake yalikwisha kuliwa na mashine za kiwanda. Hakusikia tofauti yoyote.

Marlène alikaa na jambo lile, na lilikuwa tamu. Neno moja tu, na Jumapili mteremko ungemaliza kazi. Hakuna ambaye angemuuliza kitu. Casimir mwenyewe alikuwa ameshaonyesha ripoti huandikwa vipi.

Akalirudisha gurudumu mahali pake, akakaza. Kisha akazungusha kidole gumba juu ya ringi, mzunguko mmoja.

"Iko bien. Panda."

Casimir alishika usukani. Akainua mguu, akaushusha.

"Iko bien kweli?"

"Minye nimesema. Panda, Papa. Barabara iko inakungojea."

"Mama Shekina, usinicheze. Uligonga mara mbili pale."

"Weye uligonga mara ngapi?"

Casimir alilitazama gurudumu la mbele. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu.

"Nambie tu ukweli."

"Ukweli uko na bei. Muhuri uko nao?"

Ulikuwa kwenye begi lake. Hautoki begini, hata kanisani huenda nao. Marlène akampa karatasi na kalamu ya bic, akamwambia arekebishe ripoti ya Shekina. Casimir aliandika akiwa ameinamia benchi, polepole, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Marlène akasoma.

"Umeandika 'labda gurudumu lilikuwa na kasoro'. Toa labda."

"Komite itanifukuza."

"Mutoto yangu walimfukuza bila labda. Toa. Na uandike kwamba haukuipima."

Akaandika upya karatasi nzima, akatia saini, akapiga muhuri. Marlène aliipiga picha, akamtumia Étienne, rais wa klabu, kisha akaikunja na kuiweka kifuani. Ndipo akachukua msumeno. Casimir alinyoosha mkono kuuzuia, akaurudisha mwenyewe.

Msumeno ulikata ringi penye spoki ya tano. Marlène akapanua mkato kwa ncha ya bisibisi. Ndani kaboni ilikuwa imeachana kama kurasa za daftari lililolowa. Casimir aliingiza ukucha kati ya tabaka mbili. Ukaingia wote.

Alikaa chini pale pale, kwenye kopo la rangi.

"Ungeniacha nipande?"

Marlène alikuwa akifunga sarafu yake kwenye leso.

"Weye ulikataa kupanda," alisema. "Shekina alikuamini."

Akamwelekeza mlango. Casimir akaibeba baiskeli begani, na Marlène akasimama kizingitini kumwangalia akipita sokoni hivyo, mpaka wauza samaki wote walipokwisha kumwona.