Jamu Iliyomshika Mutai

Nyanchama, muuguzi kutoka Kisii, alikuwa jikoni kwake Muaither, mtaa wa ughaibuni alikofanya kazi, akipika jamu ya blakkaranti, yale matunda madogo meusi, aliyoyapata dukani yakiwa yamegandishwa. Mwanzo ilikuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa, naye akazidi kuichemsha, hata mwiko ukasimama wenyewe sufuriani.

Hapo Mutai akabisha hodi. Alikuwa dereva, na kila Ijumaa alikuja kumtembelea bila kusema alichofuata. Alipokaribishwa aonje, kwa adabu akachota kijiko kizima cha jamu, akakitia mdomoni. Meno yakashikana.

"Ni tamu?" Nyanchama akauliza.

Mutai akaitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga.

Nyanchama akaona hapa ndipo pa kumbana, maana leo Mutai, meno yakiwa yameshikana, hangeweza kuyageuza mazungumzo yawe ya mpira. "Mutai, hizi safari zako zote, ni mimi unayenitaka?"

Mutai akajipangusa midomo, myeusi tititi. Kisha akaitikia tena, polepole.

Nyanchama akamkaribisha kiti, akamtilia chai ya moto. Kikombe cha pili ndicho kilichomfungua taya.

"Ni wewe," Mutai akasema. "Lakini jamu tutakuwa tunanunua."

Nyanchama akacheka mpaka akaketi chini.