Mbegu za Mzee wa Kanisa

Baba akinipigia simu chuoni Morogoro, wosia ni ule ule. "Luka, umche Mungu. Usile jasho la mtu. Usiibie mtihani." Ni mzee wa kanisa, na ana duka la pembejeo hapa kwetu Msangano, kwa hiyo kuonya watu ndiyo kazi yake anayoipenda kuliko zote.

Likizo hii nimemkuta stoo amepiga magoti, mikono imo kwenye beseni la rangi nyekundu. Alikuwa anapaka mahindi ya kusaga, yaliyobunguliwa na wadudu, yafanane na mbegu zilizotiwa dawa. Pembeni kulikuwa na vifuko vipya vya mbegu alivyovifuata Tunduma.

"Unasomea kilimo, soma na haya," akaniambia, hata aibu hana. "Shule bila ujanja utakufa maskini."

Nilitoka nje nikatema mate. Yaani mdomo huo huo!

Jumapili ilikuwa ibada ya kuombea mbegu. Wakulima wakapanga mbegu zao mbele ya madhabahu, wengi wamezinunua dukani kwetu, akiwemo mjomba Yonasi, kaka yake mama. Baba ndiye aliyeziombea, tena kwa machozi, na kwenye kucha zake rangi ilikuwa haijatoka. Alipomaliza akanisimamisha.

"Huyu mwanangu ni mtaalamu. Luka, waambie watu mbegu hizi zikoje."

Nikachota punje kwenye mfuko wa mjomba, nikazilowanisha kwa mate, nikazisugua. Rangi yote ikabaki kiganjani.

"Mjomba, usipande. Haya ni ya ugali, tena mabovu. Baba kayapaka rangi mwenyewe, nimemwona."

Baba akanisogelea.

"Ndicho nilichokusomeshea hicho? Kumvua nguo baba yako mbele za watu?"

Mjomba Yonasi akainuka. Mimi hakunitazama kabisa.

"Shemeji," akamwambia baba, "mwaka jana mbegu zako zilipogoma kuota shamba zima, ulisema nina dhambi nimeificha. Ukanipigisha magoti papa hapa, wanangu wananiangalia, nitubu."

Baba akaficha mikono mfukoni. Mjomba akaendelea.

"Nilitafuta dhambi ya kusema, shemeji, nikaikosa. Nikatunga."