Vyungu Vilivyokuwa Bado na Baridi

Mke wangu aliniachia mdogo wake, mwanamke ambaye ulimi wake hauna likizo, na mtungi mmoja mbichi. Mtungi huo mke wangu alimaliza kuufinyanga Jumatano. Ijumaa alikuwa hospitali anahema kwa taabu, na mashine ya hewa ilikuwa stoo, ufunguo mfukoni mwa bwana mmoja aliyekuwa semina. Bwana huyo aliporudi nilikuwa nimeshamfumba macho mwenzangu.

Mtungi ambao haujachomwa ni udongo tu wenye umbo. Ukilowa, unarudi tope. Nyumba yangu inavuja, na misimu mitatu ya mvua nimeuhamisha huo mtungi pembe hii na pembe ile kama mtoto mgonjwa. Pale mdomoni zimebaki alama za kidole gumba chake, safu nzima. Kuuchoma nyumbani siwezi, wakubwa wamepiga marufuku moshi uani. Moto unaruhusiwa mahali pamoja tu, nyuma ya ukumbi wa mtaa, na anayeruhusu ni mwenyekiti. Tunamwita Bwana Ratiba. Hata kukohoa anakohoa kwa saa.

Siku alipokuja kunitaka mimi na shemeji yangu tufundishe kikundi cha ufinyanzi, nilimwambia sharti langu ni moja: siku ya kuchoma, mtungi wa marehemu unaingia. Akasema hakuna shida. Hao watu shida huwa hawana, wanatuachia sisi.

Basi tukafundisha. Kutwanga vigae vya zamani na kuvichanganya kwenye udongo ili usipasuke ovyo. Kukanda mpaka pumzi yote itoke. Kuviringisha kamba za udongo na kuzipandisha moja juu ya nyingine. Walikuwa wanawake kumi na mmoja, na hodari wao alikuwa fundi cherehani wa pale kona, mama wa makamo mwenye vidole vyepesi. Bakuli lake la kwanza lililala upande.

"Hilo bakuli limelewa?" shemeji akamuuliza.

"Limekuona wewe likataka kukimbia."

Ukumbi mzima ukacheka. Na mimi nilicheka, nikashtuka kujisikia.

Niliwafundisha pia kupima kwa shavu. Kiweke chungu shavuni. Kikikupoza, ndani bado kuna maji, na maji yakibanwa na moto yanatafuta pa kutokea. Subiri.

Lakini wiki hiyo mvua haikukata, na Bwana Ratiba akatangaza kuwa Alhamisi saa nne kuna mgeni mkubwa, na moto uwe unawaka. Nikamfuata ofisini kwake.

"Mwenyekiti, vyungu bado vina baridi."

"Tuvifunike blanketi?" Wale wanaombebea mafaili wakacheka. "Mzee, nyinyi mafundi mnapenda sana kujikweza. Udongo ni udongo."

Nilitoka pale roho inawaka. Nikasema sawa. Acha vipasuke mbele ya mgeni wake, aumbuke.

Alhamisi asubuhi fundi cherehani alinijia kwenye shimo la kuchomea, bakuli lake jipya shavuni.

"Mzee, mimi naona kama halijakauka. Nilitie kweli?"

"Muulize mwenyekiti," nikamjibu. Akaniangalia kidogo, akaliweka.

Shemeji alinivuta pembeni. "Utoe wa dada. Tutauchoma siku nyingine."

"Siku gani? Ruhusa ni yake huyu. Isitoshe, wa dada yako umekauka miaka mitatu, hauwezi kupasuka."

Na hilo lilikuwa kweli. Nikauweka katikati kabisa, mabakuli yakiuzunguka, upate moto sawasawa pande zote.

Moto wa vyungu huanza kwa kuvipasha taratibu, nusu siku. Bwana Ratiba alitaka ndimi za moto kwa ajili ya picha. Akasema, ongeza kuni. Nikaongeza. Akasema tena, nikatupia zote.

Cha kwanza kilipasuka mgeni akiwa anashukuru. Aliruka. Bwana Ratiba akasema kwenye kipaza sauti kuwa ndivyo udongo unavyoiva. Cha pili, cha tatu. Nilikuwa nimesimama na mti wangu wa kuchochea, nacheka moyoni. Halafu nikasikia mlio mwingine, mwembamba, kama sahani inayogongwa. Chombo kikavu hakipasuki chenyewe. Hicho kilikuwa kimepigwa na kipande cha jirani yake.

Kesho yake tulipofukua majivu, vilikuwa vimesalimika vinne tu. Mtungi wa mke wangu ulibaki kitako na nusu ya tumbo. Mdomo ulikuwa vipande vipande. Uliopigwa ni upande uliokuwa unaelekea bakuli la fundi cherehani.

"Mzee," akasema yule mama, "ulijua?"

"Nilimwambia mwenyekiti."

"Mimi nilikuuliza wewe."

Akakung'uta sketi yake, akaondoka. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Shemeji alichuchumaa akaokota vipande vyote, hata vidogo kama kucha, akavitia kwenye mkoba wake. Ni siku hiyo tu nimewahi kumwona kimya.

Nimeandika barua ya malalamiko kwa wakubwa wake Bwana Ratiba. Kurasa mbili, kwa mwandiko wangu huu wa darasa la tatu. Nimeeleza mvua, mgeni, kuni, blanketi. Jumapili nilimwita shemeji aje asaini kama shahidi. Akaisoma yote kwa kunyoosha kidole, mstari kwa mstari, akarudi mwanzo akaisoma tena.

"Na wewe umejiandika wapi?"

Nikamwambia aliyeharibu anajulikana.

"Anajulikana," akasema.

Nikamwomba kipande kimoja tu cha mdomo, chenye kidole cha dada yake. Akaufunga mkoba, akaweka kalamu juu ya barua, akatoka. Hakuwa amesaini.