Nyumba Isiyo na Moto

Vatsala alipoletwa kwetu kuolewa na shemeji yangu Sadoba, hakujua hata kuvunja samadi kavu ya ng'ombe ya kuwashia moto wa ibada. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimwonyesha namna ya kupanga vipande ndani ya chungu kidogo cha shaba, ukiacha nafasi katikati hewa ipite. Nilimwonyesha kuvipaka samli ya ng'ombe, si ya nyati, na kuchagua punje za mchele zilizo nzima, maana zilizovunjika hazipewi moto. Nikamfundisha na maneno yale mafupi ya kusema jua linapochomoza tu, mchele ukiingia motoni: hiki ni cha Jua, si changu. Mimi nimeyasema miaka thelathini na mmoja, kila jua likichomoza na kila likizama. Kwa hiyo habari za moto mtu asinifundishe.

Basi mwaka ule akaja Daktari Mrunal kutoka chuo kimoja cha Pune, na masanduku manne. Mwanamke mwembamba, sari ya pamba, viatu vya raba. Alitaka kupima kama moshi wa moto wetu unapunguza vijidudu vya hewani, na kama unawapa nafuu wenye vifua vibovu. Alitafuta nyumba mbili zinazofanana. Zetu zinachangia ukuta mmoja, na mume wangu Dattoba anakohoa kama anavyokohoa mdogo wake Sadoba. Wote wawili vifua viliwaharibikia kwenye kiwanda cha sukari.

"Mungu kanirahisishia kazi!" akasema Daktari.

Mimi sikuwa na shaka ni wapi moto utawashwa. Nilisugua chungu changu kwa ukwaju mpaka nikajiona uso. Halafu Daktari akatoa sarafu, akairusha, akaifunika kwa kiganja.

"Moto utawashwa kwa mama Vatsala. Kwa mama Indumati, siku arobaini bila moto."

"Bila moto?"

"Bila ule wa ibada, mama. Jiko endelea nalo, mpate kula."

"Mwanangu, huyu nimemfundisha mimi."

"Ndiyo maana nikarusha sarafu. Ningechagua kwa macho ningeharibu kazi."

Vatsala aliinamisha kichwa kwa adabu, lakini meno niliyaona.

Kuanzia hapo sikupumua. Vatsala akatoa sari ya kijani aliyoivaa kwenye harusi ya binti yake, akawa anaivaa alfajiri kuwashia moto. Watu wakaja kumpiga picha. Daktari aliweka visahani vya kunasia vijidudu vya hewani chumbani kwake na chumbani kwangu pia, lakini nani alikuja kutazama vyangu? Nilipokwenda kusaga mtama, mwenye kinu akaniuliza mbele ya watu, "Nyumba isiyo na moto hamjambo?" Nikajitwika unga wangu, nikarudi.

Siku ya nane Vatsala akaniletea kibakuli cha mtindi.

"Vumilia, dada. Kukaa bure nako ni kazi ya sayansi."

"Mtindi wako mchachu," nikamwambia.

Siku ya tisa nikawasha. Kwenye kistoo cha mtama, kando ya chumba alicholala Dattoba, dirisha limefungwa, mlango wa chumbani wazi. Niliyasema maneno kwa kunong'ona. Dattoba akaamka.

"Indu, unachoma nini alfajiri hii?"

"Lala."

Akalala. Mume wangu ni mtu wa kuelewa upesi na kunyamaza. Nikaendelea hivyo hivyo asubuhi na jioni, mpaka siku ya arobaini.

Wiki moja baadaye Daktari akarudi na jalada. Tukakaa barazani kwetu wote watano, nikamimina chai yenye tangawizi. Akafungua karatasi zake polepole.

"Vijidudu vimepungua kwa mama Vatsala," akasema. Vatsala akajiweka sawa. "Na kwa mama Indumati vimepungua, karibu sawasawa. Wazee nao wamepata nafuu kidogo, wote wawili."

Uso wa Vatsala ukaporomoka. Sitasema uongo: nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikammiminia chai ya pili.

"Kwa hiyo si moto," Daktari akaendelea. "Labda ni hali ya hewa tu. Nitaandika kwamba moto haukuonyesha faida yoyote."

Sadoba akaweka kikombe chini. "Kumbe tumechoma samli bure miaka yote hii. Vatsala, kesho usijisumbue."

Na Vatsala hakumbishia. Alitazama mikono yake tu. Nikaweka birika chini. Nilitaka yeye ashindwe. Sikutaka moto ushindwe.

"Usiandike," nikasema. "Nimewasha. Tangu siku ya tisa."

Daktari akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sari, akaivaa tena. "Mama. Siku arobaini."

"Najua."

"Sasa siwezi kusema moto unasaidia, wala siwezi kusema hausaidii. Siwezi kusema chochote."

"Mimi nilijua," Vatsala akasema. "Nyote mnajua majivu humwagwa kwenye shina la mrehani. Wa dada ulikuwa na majivu mapya kila siku."

"Ukanyamaza?" nikamuuliza.

"Ningesema, ungeniambia nina wivu."

Dattoba alicheka mpaka akakohoa, na Sadoba akamfuata.

Daktari akachana ukurasa. Alisema ataanza upya Jumatatu, kwa sarafu nyingine. Nikamwomba niirushe mwenyewe, safari hii pasiwe na lawama. Nikairusha juu kabisa. Ikadunda kwenye sakafu, ikazunguka, ikalala karibu na kidole changu cha mguu.

Bila moto.

Nikaingia ndani, nikachukua chungu changu, nikakiweka mikononi mwa Vatsala.

"Kaa nacho. Kikibaki kwangu sijiamini."

"Nitakisugua, dada."

"Kwa ukwaju. Si ile poda yako ya dukani."

Jumatatu alfajiri nilikaa nimeegemea ukuta. Mikono haikujua iende wapi, nikaipa mtama niupepete. Ng'ambo nikasikia samadi ikivunjwa, vipande vikubwa mno. Harufu ya samli ikaja, nyingi mno. Jua likachomoza. Nikahesabu pumzi moja, mbili, ndipo nikasikia sauti ya Vatsala: hiki ni cha Jua, si changu.

Kachelewa pumzi mbili! Nikafungua mdomo nimpigie kelele kupitia ukutani. Halafu nikaufunga, nikauma ncha ya sari, nikaendelea kupepeta. Zilibaki siku thelathini na tisa.