Mazoezi Mapya ya Kocha

Zamani Jumamosi za vijana wa mtaa ule zilikuwa mpira tu. Kocha alipuliza filimbi, wakakimbia, wakatoka jasho, wakarudi nyumbani na njaa. Kisha akaona kwamba mabingwa wake wa miaka iliyopita wameota mizizi kwenye ukuta wa uwanja, watu wazima na ndevu zao, wanapiga soga na kungoja mechi wasizocheza. Roho ikamuuma. Akaanza kubisha hodi kwenye gereji, kiwanda cha mikate, hospitali, hata kwa mtengeneza majeneza: "Nipokeeni kijana mmoja, Jumamosi tu, aone kazi." Walimcheka, lakini milango ilifunguka. Mpira ukasogezwa jioni, asubuhi kila mmoja akaenda kujaribu kazi, na Kocha, ambaye hakujua lugha nyingine, aliyaita yote hayo mazoezi.

Binti wa fundi cherehani hakuwa na shaka aende wapi. Tangu alipomfunga paka bendeji angali mdogo, nyumba nzima ilimwita Daktari. Baba yake alikwisha kuwatangazia wateja wote, hata wale waliokuja kupunguza suruali tu. Basi akaenda hospitali, akavaa koti jeupe, akasimama kando ya muuguzi aliyekuwa akisafisha kidonda. Alipofumbua macho alikuwa sakafuni, na mgonjwa mwenyewe ndiye aliyekuwa akimpepea.

"Nimeshindwa, Kocha," alisema huku akilia.

"Hujashindwa, umejua. Mazoezi ni ya nini? Nakubadilisha namba."

Namba mpya ilikuwa kwa mama mmoja fundi miwani, mwenye duka dogo na mashine ya kusagia lenzi iliyonung'unika kutwa. Huko Daktari alisahau hata njaa. Lenzi ikikaa kwenye fremu bila kucheza, alitabasamu peke yake. Ila nyumbani hakufungua mdomo. Kila Jumamosi jioni baba aliuliza, "Wagonjwa hawajambo?" naye akajibu hawajambo.

Kocha alipogundua hakumsema. Alitangaza tu kwamba wazazi wote waje kuona mazoezi. Baba alifika amevaa koti jipya alilojishonea mwenyewe, akatazama miwani iliyopangwa ukutani.

"Mbona hapa? Hospitali iko wapi?"

"Hospitali nilizimia, baba," alisema Daktari. "Sasa niko hapa. Na napapenda."

Baba akabaki amesimama katikati ya duka. Fundi miwani, asiyependa watu wasimame bure dukani kwake, akamvutia kiti na kumpima macho, kisha akamkabidhi Daktari lenzi mbili. Daktari akazisaga, akazifuta, akazitia kwenye fremu, akamvalisha baba yake.

Baba akatazama vidole vyake. Akatazama mkono wa koti, akausogeza karibu.

"Nani kashona upuuzi huu?"

"Ni wewe, baba."

Kocha akageukia ukutani, mabega yakimcheza.

"Na wateja siku zote wananiambia ahsante," baba alisema polepole.

"Wana adabu, baba."

Hapo mzee akacheka mpaka miwani ikamteleza puani. Akamshika Kocha mkono kwa mikono yake miwili. "Ahsante kwa kumpeleka akazimie mapema. Angekuja kuzimia chuoni, kwa ada yangu."

Daktari alihisi kifua kikimfunguka. Angeweza kumkumbatia Kocha, fundi miwani, na hata yule mgonjwa aliyempepea, popote alipo.

Baba aliomba wembe, akaketi palepale na kuanza kuufumua mkono wa koti, akiona kila uzi.

"Lakini si adabu, Daktari," alisema bila kuinua kichwa. "Wateja wangu nao hawaoni. Nitakuletea wote."