Utelezi Ndani ya Gurudumu

Sufuria za pilau zilikuwa zimeshapakiwa, na dumu la mafuta ya nazi la shangazi limebanwa kwenye kona ya pikapu, Naila alipoona majimaji chini ya tairi la nyuma. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Adhuhuri, kule Mkange, ingesomwa hitma ya arobaini ya baba yao, Mzee Mikidadi, na Naila ndiye mtoto wake wa kwanza.

Mdogo wake, Majaliwa, alisema ni dumu tu linavuja, wapande waende. Huyo naye kwa haraka hajambo.

Naila aliinama kama baba alivyokuwa akiinama kila alfajiri, kanzu kaikunja magotini, kabla ya kupeleka abiria Mlingotini. Utotoni alimshikia tochi, naye akamfundisha. Maji matupu ni ya kiyoyozi, nenda zako. Oili nyeusi, pima, ongeza, kisha ukamwone fundi. Lakini utelezi ndani ya gurudumu, hapo hakuna safari. Angetoa chochote aisikie tena sauti ile ikimkaripia kwa kuyumbisha tochi.

Alipitisha kidole ndani ya gurudumu, akanusa. Hakikunuka nazi hata chembe. Akapanda, akakanyaga breki. Ikazama mpaka chini.

"Hatuendi na gari hili," alisema.

"Dada, ni arobaini ya baba. Watu watasemaje?"

Basi la Mkange lilikuwa limeshaondoka, na kila mwenye gari aliyempigia alikuwa Dar. Roho ikimuuma, alimpigia baba yake mdogo, Ausi, akamwamkia, akamweleza, akaomba wasiwangoje. Alijua ukoo utamsema, kama ulivyomsema baba yake maisha yake yote kwamba hakumzika mama yake mzazi. Mzee hakuwahi kujitetea.

Ausi akashusha sauti.

"Mwanangu, siku tuliyomzika mama, baba yako alikuwa Mlingotini na abiria kumi na wanne, breki zinavuja. Akakataa kuondoka, asije akawaua njiani. Akaniomba nisimwambie mtu, wale abiria wasije wakajiona ndio waliomkosesha maziko. Waiteni majirani, msome huko huko."

Naila alishusha simu akalia kwa sauti. Miaka yote ile, hata yeye alikuwa akimlaumu kimoyomoyo.