Kiti cha Papa Urbain

"Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kumbebea mtu kitu. Sisi ni watu wa kubebewa."

Nilimwambia hivyo Papa Urbain mchana kweupe, pale Point, Durban, shingoni tai ya kuazima, miguuni viatu vilivyokenua meno.

Papa Urbain alilinda magari kama Wakongo wengine: fulana ya manjano, filimbi mdomoni. Lakini Zaïre ilipokuwa Zaïre alikuwa komisere wa zoni, yaani mkuu wa wilaya. Alitawala zoni nne, zote mbali na kwao, maana serikali ile haikumweka mtu mahali ambapo shangazi yake angeweza kumgombeza. Ufalme ulipoanguka, yeye akaangukia Durban, akatawala tena: barabara moja, kutoka ufukweni hadi kwenye roboti, zile taa za barabarani. Bila baraka yake hukulinda hata baiskeli. Na baraka aliwapa kwanza watoto wa maofisa wenzake.

"Iko damu yenye kujua kusimamia," alipenda kusema.

Nami niliitaka barabara ile kama pumzi. Mwenye nyumba alikuwa ametupa godoro letu kwenye korido, na dada yangu Larissa, mjamzito wa kujifungua wakati wowote, ameketi juu yake akilinda sufuria. Ikifika jioni, hata korido tuiache.

"Yaya," aliniambia asubuhi, kama mdogo amwitavyo mkubwa wake, "leo usichekeshe watu. Leo rudi na kazi."

"Baba yako nani?" Papa Urbain akauliza.

"Komisere Léonidas, Papa. Kwetu Uvira, ila alitawala Kalemie."

Mtego wa komisere kutawala kwao nilishauruka. Jina lilikuwa la kweli; cheo tu ndicho nilichomwongezea marehemu.

Baba alikuwa planton, tarishi wa ofisi. Komisere akizuru vijiji, baba alimfuata nyuma na kiti. Jioni alinifundisha kwa kigoda cha mama chenye mgongo: shika mgongo, miguu itangulie, kikalio kisiguse nguo zako, kitue bila sauti kabla mkubwa hajakunja magoti. Mkubwa hageuki kutazama. Akigeuka, umeshindwa kazi. Mama alikuwa akicheka hadi machozi, nami nikizunguka uani na kigoda, nikimfuata komisere wa hewa.

Papa Urbain alinipima kwa macho kutoka kwenye kiti chake. Jua likamfikia miguuni. Akainuka, akavuka hadi kwenye kivuli cha ukuta, akaketi.

"Sharp, sawa," alisema. "Kesho anzia pale kwenye roboti. Damu haifichiki."

Akilini nilimwona Larissa akiinuka kutoka kwenye lile godoro. Nilikaribia kupiga kelele.

Kando yetu Mama Henriette, mkewe, alikuwa akikaanga mandazi. Alikuwa ameacha kugeuza. Mafuta yalitoa moshi.

"Baba Peguy," alimwita mumewe taratibu, "umeketi bila kutazama nyuma. Tangu tutoke Zaïre sijakuona ukiketi hivyo."

Papa Urbain akageuka.

Kiti kilikuwa chini yake, kivulini. Mkono wangu ulikuwa bado umeshika mgongo wa kiti.

"Na wewe, mtoto wangu," Mama Henriette akasema, bila ukali wowote, "baba yako alikuwa planton wa nani?"